Bibi wa Sokoni Hakujua Kukaa

Kazi yangu ni kutengeneza ngozi za watu wasiokuwepo. Shangazi aliyenilea, akiulizwa na majirani hapa Chang'ombe ya Dodoma ninafanya kazi gani, hujibu, "Anachora kwenye kompyuta," halafu anahamia habari ya bei ya mkaa kabla hajaulizwa swali la pili. Simlaumu. Nikiulizwa mimi mwenyewe nafanya hivyo hivyo.

Ukweli ni kwamba kuna makampuni ya nje yanayotengeneza gemu za video, zile kubwa ambazo mchezaji anatembea mjini, anapanda milima, anapigana na kuokoa watu. Gemu moja ya namna hiyo ina ndoo zake, viatu vyake, milango, vitambaa, nyuso za wapita njia. Hawawezi kuchora kila kitu wao wenyewe, kwa hiyo wanagawa vipande kwa watu kama sisi. Ofisi yetu ni nyumba ya kupanga kule Nkuhungu. Sebuleni tulipanga meza zetu tano, madirisha tukayaziba kwa pazia nene kwa sababu ya mwanga na vumbi. Upepo wa Dodoma ukianza kuvuma, hata pazia halisaidii. Asubuhi unaanza kazi kwa kufuta skrini.

Tulikuwa watano. Bosi, ambaye zamani alikuwa mchoraji mzuri kuliko sisi wote, siku hizo kazi yake ilikuwa kujibu barua pepe. Kaka mmoja kutoka Bahi alitengeneza mawe na kuta. Wasichana wawili waliwatia wahusika mwendo, maana mtu wa kwenye gemu hata kupepesa jicho lazima afundishwe. Mimi nilichonga nyuso na mikono, halafu nikaipaka ngozi: makunyanzi, madoa, vinyweleo, mshipa wa kwenye paji. Ni kazi ya kuinama. Ukimaliza pua moja, jua limeshazunguka upande wa pili wa nyumba.

Kabla ya kompyuta nilikuwa na hina. Shangazi anachora maharusi, na mjini Majengo nyumba nyingi za zamani haziozi binti bila yeye kuitwa. Alinifundisha kushika koni nikiwa bado nasoma shule ya msingi, nikianzia kwenye nyayo zangu mwenyewe, halafu kwenye mikono yake. Nilipopata kazi ya ofisi sikuacha. Jumamosi nilikuwa naenda naye, yeye anachora mkono wa kulia wa bibi harusi, mimi wa kushoto, tunakutana kwenye miguu. Nilipenda kwa sababu hina haina kurudi nyuma. Kwenye kompyuta ukikosea unabonyeza, kosa linafutika kama halikuwahi kuwepo. Hina ukishaiweka umeiweka. Na zaidi ya hapo, baada ya muda inafifia yenyewe, na hakuna mtu anayekuandikia kukuomba marekebisho.

Halafu ikaja kazi ya soko.

Mteja wetu alikuwa anatengeneza gemu inayotokea kwenye mji wa jangwani wa kubuni. Ndani ya mji huo kulikuwa na soko, na soko hilo lote likaja kwetu. Kaka wa mawe alifurahi mpaka akaagizia ofisi nzima chipsi mayai. Mimi nilipewa wauzaji, na muuzaji mkuu alikuwa bibi mmoja anayeuza mizizi na majani ya dawa. Maelekezo yake yalikuwa mafupi: mzee, mwembamba, mpole, amechoka.

Nilimwanza kwa mikono. Nilimwomba shangazi niipige picha mikono yake, akasema sawa, nisubiri. Aliporudi alikuwa ameiosha, ameipaka mafuta, inang'aa.

"Shangazi, naitaka mikavu."

"Mikavu utaipata nikifa," akasema, na akainyoosha vile vile inavyong'aa.

Basi nikaenda nayo hiyo, nikaikausha mwenyewe kwenye kompyuta. Uso nikautunga kwa kuchanganya: mashavu ya mama mmoja anayeuza ubuyu karibu na stendi, kidevu cha jirani, masikio nikatunga tu. Nilipompeleka mara ya kwanza, yule mwakilishi wa mteja, kijana mwenye ndevu tuliyekuwa tunamwona kwenye simu ya video, akatabasamu na kutusifu, kisha akasema, "Ila bado hajachoka."

Nikamwongezea mifuko chini ya macho. Akasema, "Huo ni uzee. Mimi nataka uchovu." Nikashusha kope, nikalegeza mdomo. Akasema sasa anaonekana ana huzuni, na huzuni ni kitu kingine. Bosi alikuwa ananitafsiria maneno haya kana kwamba sijayasikia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayepeleka habari ya msiba.

"Wanasema bado, dada."

"Nimesikia, bosi."

Wiki zikapita hivyo. Ilifika mahali namwona yule bibi nikila, namwona nikitawadha. Siku moja, kabla ya kufunga ofisi, nilijiona kwenye skrini iliyozimwa. Nikachukua simu, nikajipiga picha macho, la kulia na la kushoto, kwa mwanga ule ule mbaya. Kesho yake nikampa bibi macho yangu. Weupe wake uliopauka, ule wekundu wa pembeni, na namna kope moja inavyowahi kushuka kuliko nyingine. Sikumwambia mtu.

Kijana mwenye ndevu alipomwona akapiga makofi. "Hapo sasa! Umempata!"

Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilitembea na furaha hiyo siku kadhaa. Halafu ikaja barua pepe nyingine: wakubwa wake wamemtazama bibi, wanaona amechoka kupita kiasi, wachezaji wakimwangalia watajisikia vibaya. Tunaweza kumpunguzia kidogo?

Tukampunguzia.

Mkono wangu ulianza kwa kidole gumba. Kilikuwa kinakufa ganzi, nakikung'uta, kinarudi. Halafu ganzi ikashuka kwenye kifundo cha mkono, ikawa inaniamsha alfajiri kabla ya adhana. Nikaenda hospitali. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mwenye haraka, lakini si mkali. Akanibonyeza hapa na pale.

"Unafanya kazi gani?"

"Nachora."

"Basi acha kuchora kwa muda."

"Kwa muda gani, daktari?"

"Mpaka upone."

Nikacheka. Yeye hakucheka, akadhani pengine sikumwelewa, akarudia. Alinipa dawa na bandeji yenye bapa la chuma ndani, ya kufunga kifundo kisipinde. Nilirudi ofisini siku hiyo hiyo nikiwa nimeifunga, nikakaa, nikagundua kwamba kalamu ya kuchorea kwenye kompyuta haishikiki nayo. Nikaifungua, nikaiweka juu ya meza, nikaendelea kuchora.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na harusi Majengo. Bibi harusi alikuwa amekalishwa juu ya mkeka, mito nyuma yake, wanawake wamemzunguka wanaimba, mmoja anampepea. Shangazi akaanza upande wake, mimi wangu. Nilikuwa nimeshavuka kiganja, napanda na ua kuelekea kwenye kiwiko, mkono ukaniishia. Sikuhisi maumivu, nilihisi kama mkono umeondoka ukaniachia koni peke yake. Koni ikadondoka, hina ikasambaa kwenye ngozi ya binti wa watu, mstari mnene mweusi kama matope.

Nyimbo zikakatika. Mama wa bibi harusi akaja akainama kutazama. "Jamani, mmetuletea fundi mgonjwa?"

Shangazi aliinuka. Alisogea upande wangu, akaichukua koni, akauzungushia ule mstari vijani viwili, vitatu, ukawa tawi. Kisha akasema bila kuniangalia, "Mwanangu, kakoroge hina nyingine." Nikaenda uani nikakoroga hina ambayo haikuhitajika. Nilisikia nyimbo zinarudi.

Tulikuwa kwenye bajaji, tumekaribia nyumbani, ndipo aliposema.

"Mkono huu unaumaliza kwa watu usiowajua."

"Hata wao hawanijui, shangazi."

"Basi. Hata salamu hampeani."

Tangu siku hiyo akawa anaenda harusini peke yake. Hakunikataza. Alikuwa anatoka tu Jumamosi asubuhi na kikapu chake, mimi nimelala nasikia mlango.

Nadhani kaka wa mawe aliona hali yangu, kwa sababu alitualika mimi na wale wasichana wawili twende Bahi siku ya Jumapili, kwa mama yake. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri, mashamba ya mpunga yamejaa maji mpaka kwenye tuta la njia. Tulishuka kwenye basi, tukapanda bodaboda mpaka kwao. Mama yake alitupokea kwa Kiswahili cha polepole kilichochanganyika na Kigogo, tukamwamkia, akatushika mikono mmoja mmoja. Alitupa ugali wa mtama na mlenda, tukala mpaka tukashindwa kunyanyuka.

Baada ya chakula tukatoka kunyoosha miguu. Hatukufika mbali. Kaka alisimama mbele ya ukuta wa nyumba ya jirani, nyumba ya udongo iliyoanza kulika na mvua, akatoa simu, akaanza kuupiga picha. Kwa karibu, kwa mbali, upande wenye kivuli. Mama yake akatufuata na kanga mabegani.

"Mwanangu, huo ukuta una nini?"

"Una nyufa nzuri, mama."

"Basi uzibe."

Kaka alicheka mpaka akachuchumaa. Lakini tulipokuwa tunarudi njiani, wale wasichana wametangulia, aliniambia kwamba zamani, alipokuwa chuo, alikuwa na wenzake wanapanda majabali kila mwisho wa wiki. Hawakuwa na sababu. Wanapanda, wanakaa juu, wanakula mahindi ya kuchoma, wanashuka. Ndiyo iliyokuwa starehe yake. "Siku hizi nikiona jiwe, dada, naanza kuhesabu rangi. Nawaza nitalipaka vipi, kivuli kitaangukia wapi. Sijui mara ya mwisho nimeliona jiwe tu ni lini."

Nikamwambia na mimi siwezi tena kuongea na mtu bila kumtazama vitundu vya pua. Tukacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha sana.

Habari ya soko tuliipata kwenye kikao cha kawaida. Kijana mwenye ndevu alianza kwa kutushukuru, na alitushukuru mno, nikaona bosi anaweka kalamu chini. Gemu imekuwa kubwa kupita walivyopanga, akasema. Wameamua kupunguza. Soko limeondolewa. Mchezaji sasa atatoka getini moja kwa moja hadi kwenye ngome. Kazi yetu ilikuwa nzuri sana, haki yetu yote tutapewa, na kwa mujibu wa mkataba tunaombwa tufute mafaili na tusimwonyeshe mtu yeyote.

"Soko lote?" kaka wa mawe akauliza.

"Lote. Poleni sana."

Bosi akafunga kompyuta. "Kunyweni chai," akasema, akaenda uani.

Hakuna aliyekosea. Hilo ndilo lililonichosha zaidi. Ningepata wa kumkasirikia ningepata nguvu kidogo. Kijana mwenye ndevu naye alikuwa na macho mekundu siku ile. Nilijua wekundu wa namna ile, nilishauchora.

Baada ya hapo kazi ikapungua. Bosi alitafuta wateja wengine, akapata vipande vya watu wawili, siyo vya watano. Alituita mmoja mmoja kwenye chumba kilichokuwa stoo. Msichana mmoja akarudi kwao Singida, mwingine akaingia duka la nguo la dada yake. Kaka wa mawe akapata nafasi Msalato, kwa mkandarasi anayehitaji mtu wa kuchora ramani za mabomba kwenye kompyuta. Mimi nikabaki, kwa sababu watu wa kuchonga nyuso ni wachache. Walinipongeza. Nilipokea pongezi nikiwa nimeweka mkono kwenye bakuli la maji ya moto.

Siku ya mwisho ya kaka, bosi alimwambia afute soko kabla hajaondoka. Ilikuwa baada ya adhuhuri, joto limepanda, tumebaki wawili sebuleni. Akaniita, "Dada, njoo tutembee mara moja."

Nikavuta kiti. Akalifungua. Tulikuwa tumelijenga kwa vipande, sijawahi kuliona likiwa zima namna ile. Alitembeza kamera kama mtu anayetembea kwa miguu, akapita chini ya tao lake la mawe, akanionyesha ngazi aliyolala njaa akiijenga, na kona moja ambayo aliweka nyufa za ule ukuta wa Bahi, ingawa mteja hakuomba. Vumbi lilikuwa linaelea kwenye mwanga. Wauzaji wangu wamesimama kila mmoja mahali pake, wanageuza shingo, wanapunga mkono, wanarudi kama mwanzo.

Tukafika kwa bibi. Alikuwa amesimama nyuma ya mizizi yake, mikono ya shangazi imeshikana mbele. Akainua uso akatutazama. Wale wasichana walikuwa wamemtia pumzi, mabega yanapanda na kushuka, taratibu. Hata baada ya kupunguziwa, macho yalikuwa yangu.

Kaka akasimamisha kamera. Halafu akasema, "Mkalishe pale kwenye jiwe. Jiwe lile nililiweka makusudi, ni la kukalia."

"Hajui kukaa."

"Hajui?"

"Hakufundishwa. Haikuwemo kwenye mkataba. Anajua kusimama, kugeuka, na kupokea kitu."

Akajaribu hata hivyo. Akamsogeza mpaka kwenye jiwe, bibi akazama ndani yake mpaka magotini, akiwa bado amesimama wima, bado anapumua. Tulicheka, na katikati ya kucheka mimi nikaanza kulia. Sikulia sana. Kaka alimrudisha bibi mahali pake, akamweka vizuri nyuma ya mizizi yake kama vile mteja angekuja kumkagua.

"Nifute?"

"Futa."

Alibonyeza mwenyewe. Mimi niliangalia dirishani, ingawa pazia lilikuwa limefungwa.

Gemu ilipotoka, mwaka uliofuata, sikuwa na mashine ya kuichezea. Nikatafuta mtandaoni video ya kijana mmoja anayecheza na kujirekodi, nikaitazama kwenye simu Jumapili mchana, shangazi pembeni yangu anachambua mchele. Kijana alifika getini, akaingia, akakimbia uchochoro mfupi, akatokea kwenye ngome. Uchochoro ulikuwa na kuta safi. Nikarudisha nyuma, nikatazama tena.

"Wako yuko wapi?" shangazi akauliza. Nilikuwa nimemwambia, zamani, kwamba namtengeneza bibi mmoja mwenye mikono yake. Mkataba au si mkataba, mtu unamwambia mtu mmoja.

"Hayumo. Walimwondoa."

Akaendelea kuchambua. Akatupa kijiwe nje ya ungo. "Na mikono yangu?"

"Na mikono."

"Wamekosa," akasema, akanyanyuka kwenda kuinjika wali.

Sasa hivi natengeneza viatu. Mteja mpya anataka buti za askari, kila jozi na matope yake. Viatu ni afadhali, havina macho. Mkono umepona nusu; nimejifunza kufanya baadhi ya mambo kwa mkono wa kushoto, polepole, na yale yasiyowezekana nayaacha. Nilimwambia bosi sitafanya kazi Jumamosi tena, hata mteja akilia. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Alisema, "Sawa, dada," na kwa jinsi alivyolisema nikajua naye angetamani mtu amwambie yeye neno hilo.

Kaka hupiga simu mara moja moja kutoka Msalato. Anasema mabomba hayachoshi, yanachosha tu kwa namna nyingine. Anaulizia mkono, namuulizia mama yake, tunaagana.

Hina sijarudi rasmi. Sikukuu ikikaribia, watoto wa majirani wanakuja na nyayo zao zenye vumbi, nawachorea maua mawili matatu, hawana haja ya mstari ulionyooka. Harusi namwachia shangazi. Jumamosi nyingine nyingi nalala tu. Nalala mpaka adhuhuri, jua limejaa chumbani, na shangazi akiingia kuchukua kitu kabatini anatembea kwa ncha za vidole, anafungua, anafunga, anatoka.